Shahidi Namba Nne

Katika mtaa ule wa Kasuku, mjini Kindu, ulio nyuma ya reli, kila mtu alijua kwamba Mama Rachida, fundi cherehani, ana bwana aliyezikwa chini ya bomba. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Binadamu huzikwa mahali pengi, na wenye bahati huwekewa jiwe; Yassine wa Rachida alipata bomba la plastiki lililotokeza ardhini kimo cha goti, lenye kifuniko cha chuma, msingi wa mraba wa saruji, na maandishi meupe ya rangi: SHAHIDI 4. Ndani ya uwanja uleule walikuwamo mashahidi wengine, kila mmoja na namba yake, lakini hao hawakuwa na wake, basi hakuna aliyewafagilia.

Uwanja huo zamani ulikuwa depo ya mafuta. Vita ilipokaribia, mwenye depo, mfanyabiashara mwenye tumbo la heshima, alipanda ndege ya mwisho na kumwachia zamu wake, yaani mlinzi, funguo, filimbi na neno moja: "Linda." Zamu huyo alikuwa Yassine. Kulinda matangi ya mazutu, yaani dizeli, kwa filimbi wakati mji unabadilisha wakubwa ni kazi inayotaka ama uaminifu ama ujinga, na Rachida, ambaye bado alikuwa bibi arusi wa juzijuzi, alisema waziwazi kwamba bwana yake amejaliwa vyote viwili.

"Yassine, wale watu iko na bunduki. We uko na filimbi."

"Njo maana," alijibu Yassine akifunga viatu. "Bunduki wangeninyanganya. Filimbi nani ataitaka?"

Asubuhi moja askari wa zamani walikuwa wameshaondoka na askari wapya walikuwa hawajafika, na katika nafasi hiyo, kama ilivyo desturi ya nafasi kama hizo, yakapita mabaya. Matangi yalipigwa risasi. Mazutu yalitiririka mchana kutwa na ardhi ikayanywa bila aibu. Rachida alipofika alikuta kibanda cha zamu kiko wazi, birika juu ya mafiga, chai bado ina joto. Yassine hakuwepo. Wengine walisema amebebeshwa mizigo njia ya Punia. Wengine walisema ameonekana Kalima, anachimba madini na ana ndevu. Wengine, ambao Rachida hakuwaruhusu kumaliza sentensi, walitaja mto Lualaba.

Mwanamke aliyefiwa hukaa eda, huvaa nyeupe, na siku ikifika hutoka, huoga, huanza upya. Mwanamke ambaye bwana yake ametoweka hana pa kuanzia. Si mke, si mjane. Ni kitambaa kilichopimwa kisikatwe. Rachida alikaa hivyo miaka mingi, akishona sare za shule kwenye baraza iliyotazama ua wa depo, huku visima vya mtaa vikitoa maji yenye rangi za upinde wa mvua. Ilikuwa mzaha wa mtaa kwamba chai ya pale haihitaji moto. Inahitaji kiberiti tu.

Vita ikachoka, kama kila kitu kinavyochoka. Baadaye kabisa ukaja mradi wa kusafisha. Waliondoa matangi, wakachimba udongo mweusi na kuubeba kwa malori, wakaleta udongo mwekundu. Halafu wakatoboa matundu marefu, wakatia mabomba, ili kila msimu wachote maji ya chini na kuyapima: je, mazutu bado yamo? Kwa Kifaransa mabomba hayo huitwa visima vya "témoin", kwa sababu hutoa ushahidi kuhusu yanayotokea huko chini.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Godefroid, aliyetumwa kutoka Kinshasa akiwa na shahada mbili na kamusi moja. Mbuzi walikuwa wanafungwa kwenye mabomba, na vifuniko vilikuwa vinageuka sufuria. Mradi ukaamuru: andikeni kwa lugha ya wananchi, wananchi wataelewa na kuheshimu. Godefroid akafungua kamusi. Témoin: shahidi. Kamusi haikukosea, kamusi hazikosei, wanaokosea ni wanaozifungua. Kwamba katika mji wenye misikiti mingi kuliko maduka ya dawa neno hilohilo ni jina la mtu aliyeuawa bila hatia, akaingia peponi na damu yake, hilo halikuwamo kwenye ule mstari alioutazama.

Agizo lilifaulu kuliko maagizo yote yaliyowahi kutolewa Kindu. Mbuzi walifunguliwa siku hiyohiyo. Wanaume walianza kupita pale wamevua kofia. Godefroid aliandikiwa barua ya pongezi na kurudi Kinshasa, na hajui kitu mpaka leo.

Rachida aliliona lile andiko akiwa anatia uzi kwenye sindano. SHAHIDI 4 ilisimama pale palepale kilipokuwa kibanda cha zamu. Akaelewa, kama mtaa mzima ulivyoelewa, kwamba wale wachimbaji walikuta mifupa, wakaona haya kusema, wakaweka alama. Hakwenda kuuliza. Anayeuliza huweza kujibiwa.

Akakaa eda. Mtaa ukaja kutoa pole, na wali, na mbuzi mmoja ambaye huenda alikuwa mmoja wa wale waliofunguliwa. Alipotoka eda alianza desturi yake: kila Ijumaa alifagia msingi wa saruji, akasoma Yasini kwa ajili ya Yassine, kisha akamnyunyizia marashi ya waridi, kama watu wake walivyonyunyizia makaburi yao tangu mababu walipopanda kutoka pwani. Lakini kumwaga marashi juu ya saruji kulimuudhi, ilikuwa kama kumpa mgeni maji nje ya kikombe. Kifuniko kilikuwa na tundu dogo la kupumulia. Akawa anayamimina humo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza taabu ya Papa Ngeleka.

Ngeleka alikuwa fundi wa vipimo, mtoto wa watu wa reli waliotoka Kasai, aliyezaliwa Kindu na kuipenda kama mtu anavyompenda shangazi mkali. Alichota maji, akajaza chupa, akazituma labo, maabara ya mbali. Msimu huu habari ilikuwa njema: maji ni safi, mazutu hakuna, mabomba yote yazibwe, uwanja urudishwe kwa mji. Yote ila moja. Bomba la nne, ilisema labo, lina mafuta ya asili isiyojulikana. Ngeleka akachota upya. Jibu likarudi lilelile. Mkubwa wake akapiga simu.

"Ngeleka, munamwanga nini ndani ya maji huko Kindu?"

"Hatumwange kitu, chef."

"Basi mafuta ile inatoka wapi? Mbinguni?"

Ngeleka alichota kwa mara nyingine, na safari hii, kabla ya kufunga chupa, akafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha vipimo kinachoruhusu. Akanusa. Maji yalinuka arusi. Alifumba macho, akanusa tena, na Mwanvua, jirani wa Rachida, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa haujawahi kulala njaa, akampita na kapu kichwani.

"Papa Ngeleka! Wenzako wanakunywa, we unanusa. Imekuwa umaskini au mapendo?"

"Mama Mwanvua, nusa hii. Njo nini?"

Mwanvua akainusa, akarudisha chupa. "Hiyo njo ukitaka kuoa. Lakini muke wako anajua?"

Jibu lenyewe alilipata jioni, bila kulitafuta. Koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, lilikuwa limepasuka bega, na alikuwa amelipeleka kwa Mama Rachida. Alipopanda baraza, harufu ikampokea kabla ya mwenye nyumba.

"Mama Rachida. Hii marashi… unaitumiaka wapi?"

"Namupaka bwana yangu," alisema Rachida bila kuinua kichwa, mguu wake ukiendesha cherehani.

"Bwana yako iko wapi, mama?"

Rachida akanyoosha mkasi kuelekea uani.

Ngeleka akafuata ncha ya mkasi mpaka ilipoishia. Walimwengu wanasema mtu hupauka akishtuka. Ngeleka alikuwa mweusi wa sifa, hakupauka, lakini alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, na kwa mtu aliyelelewa na watu wa reli huko ndiko kuzimia.

Angeweza kunyamaza. Aliwaza kunyamaza. Lakini sasa kwa kuwa mafuta yenyewe ni marashi tu, mwisho wa wiki bomba hilo nalo lilikuwa likatwe na kuzibwa pamoja na mengine, na mwanamke huyu angeamka na kukuta wanaume wenye misumeno juu ya kaburi.

"Mama," alisema, "shahidi ya pale si shahidi ule."

"Shahidi gani?"

"Shahidi wa kufa. Ile ni shahidi wa kusema. Kama kwa tribinali. Maji inatoa ushahidi: mazutu iko, mazutu haiko. Njo hiyo tu. Ni Godefroid aliandika. Chini hakuna muntu, mama. Ni tiyo, bomba tu. Haipite hata mukono."

Cherehani ilisimama. Rachida alikata uzi kwa meno, akakunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, akampa.

"Bega imekwisha. Chukua."

"Mama Rachida…"

"Koti yako imekwisha, Papa Ngeleka. Enda."

Siku ya kuziba ilipofika, mafundi walikuta Shahidi 4 ana mgeni. Rachida alikuwa amehamisha cherehani yake, meza yake na kigoda chake, akavipanga mbele ya bomba, na alikuwa anashona sare ya bluu kana kwamba pale ndipo alipozaliwa. Mafundi wakaanza na mabomba mengine. Waliyaziba taratibu, moja baada ya jingine: wakapima kina kwa kamba, wakamimina vidonge vya udongo mkavu unaovimba ukilowa, wakajaza saruji mpaka juu, wakakata plastiki chini ya usawa wa ardhi na kufukia. Jeannot, mchanganya saruji, au sima kama wanavyoiita mafundi, kijana mwenye mabega ya mlango, aliendelea kutazama upande wa nne.

"Chef, tutamuondoa yule mama?"

"Jaribu weye," alisema Ngeleka.

Jeannot hakujaribu.

Mtaa ukaanza kujaa. Habari kwamba shahidi si shahidi ilikuwa imeshatembea, na kila mtu alikuwa na maoni. Wengine walisema mradi unataka kuficha mifupa. Mwanvua alisema yeye toka zamani alishangaa maiti gani inapewa namba kama nyumba. Alipoulizwa kwa nini basi alileta wali wakati wa eda, alisema wali ulikuwa wa Rachida, haukuwa wa bomba.

Wakamwita Shehe Soudi. Alikuja polepole, kwa sababu ya magoti, akakaa upande wa pili wa meza ya cherehani kama mteja.

"Rachida, mwanangu. Muntu asiye na kaburi iko na sala yake. Sala ya ghaibu. Tunasimama musikitini, tunamusalia popote alipo. Haina shida ya kaburi. Hatukumusalia Yassine juu wote tulifikiri tayari iko na pahali."

"Shehe, najua," alisema Rachida. "Sala haina shida ya kaburi. Ni mimi niko na shida ya kaburi."

Shehe Soudi alikuwa na majibu ya mambo mengi, na hekima yake ilikuwa kujua wakati hana. Akapangusa miwani, akabaki palepale.

"Miaka yote hii," aliendelea Rachida, akisema na sindano zaidi ya kusema na watu, "nilikuwa nasikia wanasema Punia, wanasema Kalima. Kila muntu mwenye ndevu kwa soko, namuangalia. Halafu ile tiyo ikaniambia: iko hapa. Nikapumzika. Sasa munakuja na sima yenu munaniambia haiko hapa. Basi iko wapi? Nianze tena kuangalia ndevu?"

Hakuna aliyecheka, hata Mwanvua. Mafundi walikuwa wamemaliza mabomba yote yaliyobaki. Walikaa kwenye mifuko ya saruji wakingoja.

Ngeleka alikuja, akavua kofia yake ya plastiki, akaketi chini, mgongo kwenye msingi wa Shahidi 4. Alikuwa mtu wa maji, na mtu akikosa la kusema husema la kazi yake.

"Mama, unaniruhusu nikuulize? Ile marashi, ulianza kumwanga lini?"

"Tangu nilitoka eda. Kila Ijumaa. Unataka kunihukumu?"

"Hapana. Nataka kujua juu ya labo. Labo inaona mafuta kidogo sana. Kama ingekuwa inakaa, pale chini pangekuwa pamejaa waridi. Haikae. Inaenda."

Mguu wa Rachida ukapunguza mwendo. "Inaenda wapi?"

"Maji ya chini haisimamake. Inatembea. Pole pole, kama konokono iko na homa, lakini inatembea. Njo maana walitoboa hapa: mazutu ilikuwa inapita hapa, pa kibanda, ikiteremuka." Akanyoosha mkono, mbali, zaidi ya reli, zaidi ya mapaa ya mabati. "Kule."

Rachida hakuhitaji kutazama. Upande ule, mtoto wa Kindu hahitaji kuonyeshwa.

"Lualaba," alisema.

"Njo vile. Yote ya mutaa huu inaisha kwa Lualaba."

Cherehani ikanyamaza. Kulikuwa na watu wengi pale, na wote walijua sentensi ambayo Rachida hakuwahi kumruhusu mtu kuimaliza. Shehe Soudi aliinamisha kichwa. Rachida alikaa mikono juu ya kitambaa, akitazama upande wa mto, kwa muda wa kutosha saruji ya Jeannot kuanza kukauka kwenye ndoo. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali akijaribu kushika jina.

"Marashi yangu," alisema mwisho, "imeshafika?"

Ngeleka aliwaza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na alikuwa na heshima ya kutosha asiseme.

"Siwezi kuapa, mama. Ile ya kwanza kabisa… inaweza. Ile ya juzi, bado iko njiani."

"Na ukiziba hii tiyo, itasimama? Ile ya njiani?"

"Haisimame. Tunaziba tundu, hatuzibe njia."

"Basi juu ya nini munaziba?"

"Juu tundu wazi inashusha kila uchafu wa juu. Mazutu ya pikipiki. Sabuni. Mbuzi akikojoa. Watu watakunywa." Akasita. "Na marashi."

Kitu fulani kilitikisika kwenye mabega ya Rachida, na Mwanvua alikuwa tayari amekimbia kumshika kabla hajatambua kwamba mwenzake anacheka.

"Yassine alikuwa hapendi marashi," alisema Rachida akipangusa macho. "Alisema inamuletea chafya. Miaka yote hii, maskini."

"Mungu amurehemu," akasema Shehe Soudi.

Ndiyo mara ya kwanza mtu kusema neno hilo juu ya Yassine bila kutazama bomba, na Rachida akaitikia amina. Akasimama. Akachomoa ile sare ya bluu chini ya sindano, akaitia begani.

"Jeannot, we mwenye mabega. Rudisha mashini kwa baraza. Pole pole, usiangushe, ina miaka kukupita."

Jeannot alibeba cherehani kama mtu anavyobeba mtoto wa mkubwa wake. Aliporejea, kazi ikaanza, na hapo mtaa, ambao ulikuwa umekuja kuona ugomvi, ukakuta haujui la kufanya na mikono yake. Wazee walivua viatu. Mtu mmoja akaanza kusoma Fatiha kwa sauti ya chini. Wanawake wakajitenga upande mmoja, wanaume upande mmoja, kama kwenye maziko. Ngeleka aliteremsha kamba ya kupimia kwa adabu ambayo kamba hiyo haikuwahi kuonyeshwa. Vidonge vya udongo viliporushwa kwanza ndani ya bomba na kusikika vikigonga maji huko chini, mzee mmoja akainama, akachota mchanga mkononi, akatazama kulia na kushoto kujua zamu ya nani kutupa. Na Jeannot, ambaye alibatizwa Mkatoliki na hakujua sheria ya upande huu, aliona salama yake ni kuvua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akabaki na ndoo mkononi, machozi yakimtoka, wakati saruji inaganda.

Rachida aliwatazama wote mmoja mmoja.

"Munafanya nini?" alisema. "Mzee, mwanga ule muchanga. Shehe, aksanti, sala ni Ijumaa, musikitini, na nitasema jina yake mbele ya watu wote: Yassine wa Lualaba. Hapa munafanyia nani matanga?"

Rachida akachukua kofia ya plastiki mkononi mwa Jeannot, akamvika mwenyewe, akaigonga juu mara moja ili ikae sawa.

"Mwanga sima, mwanangu. Hii ni kisima."